Ahadi ya "Kiarabu tu", na ofisi isiyotaka kukisikia

Barua ya onyo niliyopewa kwa kosa la kuzungumza Kiingereza iliandikwa kwa Kiingereza. Naanza na hilo ili mtu asije akasema nina chuki zangu binafsi kabla hajajua nililofanyiwa.

Ni programu ya Kiarabu cha ngazi ya juu, Amman, Jordan. Sitaitaja jina. Waliopita pale wataitambua kwa kisa chenyewe, na wengine bei na ratiba watazikuta kwenye tovuti yao, zimepambwa vizuri sana. Mimi nasimulia yale ambayo tovuti haina.

Siku ya kwanza mnakalishwa ukumbini, mnagawiwa karatasi, mnatia saini: tangu leo hadi siku ya kuondoka hutazungumza lugha nyingine yoyote ila Kiarabu. Darasani, barabarani, nyumbani kwa wenyeji wako, hata mkiwa wanafunzi peke yenu mnakula. Ukikamatwa, onyo. Maonyo matatu, unarudishwa kwenu na ada hairudi. Sina neno na sharti hilo, tena ndilo lililonivuta. Ukishamaliza vitabu vya ngazi ya kati, Kiarabu hakisogei tena kwa vitabu. Unahitaji kukosa pa kukimbilia. Wenzangu wengine wiki za mwanzo walikuwa wakiumwa kichwa kila jioni kwa kule kutafuta maneno tu, na mmoja alikuwa akikaa kimya, anacheka pale wengine wanapocheka. Ndiyo dawa yenyewe, ni chungu, na inaponya.

Ila ahadi ile ilitufunga wanafunzi peke yetu. Ofisi haikutia saini.

Kisa ni hiki. Tulichangishwa dinari 15 kila mmoja kwa safari ya Jerash, kwenda kuona magofu ya Kirumi. Theluji ikaanguka. Ndiyo, Amman huanguka theluji, na ikianguka mji mzima unasimama. Safari ikafutwa, tukaambiwa kila mtu apite ofisini achukue fedha zake.

Amman ni mji wa vilima na ngazi. Nilikuwa nakaa Jabal al-Weibdeh, na asubuhi ile nilizipanda ngazi za mawe kuelekea kituoni huku naipanga sentensi yangu. Waliosoma Kiarabu watanielewa: namba si jambo la mchezo. Kuanzia tatu hadi kumi, namba inakwenda kinyume na jinsia ya kinachohesabiwa, kitu kikiwa cha kiume namba inavaa alama ya kike. Kuanzia kumi na moja hadi tisini na tisa, kinachohesabiwa kinarudi umoja na kuvikwa fat-ha mbili mwishoni, zile alama zinazosomeka "-an". Nikaipanga: uridu an astaridda khamsata ashara dinaran. Nataka kurudishiwa dinari kumi na tano. Nikaisema kwa sauti nikiwa ngazi ya mwisho. Haina doa.

Dada wa dirishani alikuwa na simu mkononi. Nikamsalimu, nikaisema sentensi yangu yote, irabu za mwisho zote mahali pake. Akasubiri nimalize. Kisha akamgeukia mwenzake wa meza ya pili, akaikaza sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari: "Khamsata ashara dinaran!" Wakacheka wote wawili. Mwenzake naye akairudia, akiivuta ile "raaan" ya mwisho. Halafu dada akanirudia mimi na kuniambia, kwa Kiingereza, niseme tu kwa Kiingereza maana ana kazi nyingi.

Nyuma yake ukutani kuna bango, herufi kubwa za kijani: hapa hatuzungumzi ila Kiarabu.

Nikarudia kwa Kiarabu. Akajibu kwa Kiingereza. Nikarudia tena, polepole. Akajibu kwa Kiingereza, polepole zaidi yangu. Mwishowe nikamuuliza kwa Kiingereza, maneno machache tu, kinachowachekesha ni nini. Basi ni wakati huohuo mlango wa pembeni ukafunguka na naibu mkuu wa masomo akapita na faili lake kwapani.

Kesho yake onyo likaingia kwenye barua pepe. Aya tatu za Kiingereza kizuri: nimesikika nikitumia lugha isiyoruhusiwa ndani ya jengo. Dinari zangu za Jerash hazikutajwa popote.

Kuna watakaosema dada yule alicheka kwa sababu hakuna Mjordan anayedai deni kwa fus-ha, Kiarabu sanifu. Ni kweli. Fus-ha ni ya magazeti, hotuba za viongozi, hutuba ya Ijumaa na taarifa ya habari. Sokoni na nyumbani ni amia, Kiarabu cha mazungumzo ya kila siku. Lakini hilo halikugunduliwa jana. Mwanaisimu Charles Ferguson aliliandika mwaka 1959, lugha moja yenye sura mbili, ya juu na ya chini, na Kiarabu kilikuwa mmojawapo wa mifano yake. Kwa hiyo ofisi inayoishi kwa kuuza Kiarabu inajua fika mwanafunzi wake ataingia dirishani akiongea namna gani. Ni wao waliomfundisha hivyo, ghorofa ya juu, kila siku, kwa ada. Halafu ghorofa ya chini wanamcheka. Ni sawa na fundi cherehani akushonee suti, umlipe, kisha akusimange kwa kuivaa.

Tangu siku ile kila kitu pale kikaniudhi. Chai ya mapumziko, sukari tupu. Hita ya darasani ilikuwa inapasha joto kiti cha mwalimu na ukuta ulio nyuma yake, sisi tunaandika na makoti. Karatasi za mazoezi zilikuwa nakala ya nakala ya nakala, nukta zimefutika, na Kiarabu bila nukta ni balaa: ba, ta na tha katikati ya neno zinakuwa kijino kimoja kisichojulikana ni cha nani. Kuna swali la mtihani lilinipita kwa sababu ya nukta moja iliyomezwa na mashine yao. Sijalisamehe.

Na lile neno "ufasaha" waliloliandika kwa herufi nene, ati ndani ya muhula mmoja! Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, yenye fedha na walimu wa kila aina, inawakadiria wanadiplomasia wake wiki 88 za Kiarabu, takriban saa 2,200 za darasani, na imekiweka kundi moja na Kichina, Kijapani na Kikorea. Nyinyi mna muhula mmoja na hita moja.

Nadhani soko ndilo limewaharibu. Zamani waliotaka Kiarabu cha juu wengi walikuwa wakienda Damascus au Cairo. Vita vya Syria vilipoanza mwaka 2011, Damascus ikafungika. Misukosuko ya Misri ya 2013 ikawaondoa wengine Cairo, na wengi wao wakaishia Amman. Mteja akikujia mwenyewe mwaka hadi mwaka, utamkumbuka saa ngapi?

Lakini kuna ustadhi wa amia. Huyu simwingizi humo kabisa, na nikimfikiria hasira inanipungua hata nisipotaka.

Somo lake lilikuwa limebanwa mwishoni mwa siku, kila mtu kachoka, akawa anatutoa nje. Alitupandisha servis, zile teksi nyeupe za pamoja zinazokwenda njia moja, akanyamaza na kutuachia tumalizane na dereva. Sharti lake lilikuwa moja: hakuna kuuliza bei wala njia kabla ya kusema yatik il-afye, Mungu akupe afya. Huambiwa mtu yeyote aliye kazini, dereva, mfagiaji, muuza mkate, naye hujibu Allah yafik. Nilimwambia dereva mmoja aliyekuwa amenuna tangu tunapanda. Akageuka mzima mzima, kwenye mteremko, akaanza kuniuliza kwetu wapi, mama yangu hajambo, na Kiarabu ninakitakia nini. Tulifika mjini Wasat al-Balad bado anauliza. Dereva yule alinivumilia Kiarabu changu chote, na fus-ha yake ndani, kuliko ofisi nzima iliyolipwa kunivumilia.

Ustadhi huyohuyo ndiye aliyetufundisha fedha zinavyoitwa na wenyewe. Dinari ni lera. Kirshi, zile senti za dinari, zikiwa kumi ni bariza, na kirshi tano ni shilin. Shilin, jamani! Nilicheka peke yangu hadi wenzangu wakaniuliza kulikoni, na kuwaeleza kwa Kiarabu kwa nini nacheka kulinichukua mtaa mzima.

Na nyumba niliyopangiwa, hapo pia sina la kulaumu. Mama mwenye nyumba, nilikuwa namwita khalto, yaani mama mdogo, Kiingereza hana hata cha kuombea chumvi. Maji ya mji huja kwa zamu, kwetu ilikuwa mara moja kwa wiki, yanajaza matangi ya juu ya paa na hayo ndiyo yenu hadi zamu nyingine. Vitenzi vya kufunga, kufungua, kumwaga, kubakiza na kukaripia nilivijua vyote mbele ya mlango wa bafu, kwa sauti ya khalto. Jioni sebuleni baba anaomba gahwe, binti anauliza nani mwingine anataka ahwe, na kwenye televisheni mtangazaji anasema bei ya qahwa imepanda. Nyumba moja, kinywaji kimoja, matamshi matatu, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Kumbe inawezekana.

Nilipomwonyesha khalto barua ya onyo alitaka nimsomee imesema nini. Nikamwambia siwezi, ni ya Kiingereza, na ahadi inanikataza. Alicheka hadi akashika fremu ya mlango, akaenda kumwita jirani nimweleze na yeye. Kicheko hicho sikukichukia.

Na Kiarabu kilipanda, siwezi kukana. Niliondoka nikisoma safu za maoni magazetini bila kuinamia kamusi kila mstari, na kamusi yenyewe, ile iliyopangwa kwa mizizi, yaani herufi za asili za neno, mkono umeshajua pa kwenda: istiqlal, uhuru, huitafuti kwenye alifu, unaitafuta kwenye qaf, lam, lam. Nikawa nafuatilia mdahalo wa televisheni wa watu wanne wanaosema kwa mpigo, mmoja anaanza sentensi kwa fus-ha, hasira zikimpanda anaimalizia kwa amia. Mwalimu wa sarufi naye ni mtu makini, anajua kwa nini alama ya hamza imekalia herufi wau hapa na herufi ya kule, na hachoki kuulizwa. Kwa hao nilikuwa tayari kutoa nyota nne. Nilishaziandika, nikazifuta.

Nimezifuta kwa sababu nimekumbuka fomu ya tathmini. Mwisho wa muhula tuligawiwa fomu, jaza bila kuandika jina, sema lolote. Maswali yote kwa Kiingereza. Mimi nikajaza kwa Kiarabu, kurasa mbele na nyuma, nikaeleza dirisha, kicheko, onyo na dinari zangu. Siku iliyofuata nikaitwa. Haikuwa na jina, lakini ni nani mwingine angejaza kwa Kiarabu? Nikaombwa niijaze upya kwa Kiingereza kwa sababu fomu hizo hutumwa kwa washirika wao wa nje. Nikakataa. Wakasema basi haitahesabiwa.

Nyota mbili. Moja ya ustadhi, moja ya khalto, na khalto mwenyewe si mwajiriwa wao, kwa hiyo hata hiyo ya pili nawakopesha.

Je, usiende? Nenda. Nikipata nafasi ningerudi Amman hata kesho, ningetafuta chumba kwa watu wasiojua Kiingereza na kumlipa ustadhi yule mkononi mwake. Ukiona lazima upitie kwenye programu, kabla hujalipa uliza wana saa ngapi za amia kwa wiki na zimewekwa wakati gani wa siku, maana ikiwekwa jioni kabisa ujue wanaiona kachumbari. Uliza kama wafanyakazi wa ofisi nao wanatia saini ile ahadi. Na uliza kwa simu, kwa Kiarabu, usikilize unajibiwa kwa lugha gani. Piga Jumapili hadi Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi wamefunga.

Dinari 15 hazijarudi hadi leo. Ilikuwa njoo wiki ijayo, ikawa mhasibu hayupo, muhula ukaisha. Kwa hiyo kama katika ofisi ile yupo anayesoma Kiswahili: yatik il-afye. Khamstashar lera. Sasa nimeisema mnavyotaka, leteni.