Chujio la chungu la Guatemala: maji mazuri, ila chunga ndoo na koki

Anayekwenda kujitolea mwaka mmoja au miwili katika kijiji cha milimani Guatemala, au upande wa Nicaragua, ana nafasi kubwa ya kukuta kifaa hiki jikoni: ndoo ya plastiki yenye mfuniko, koki kwa chini, na ndani yake chungu cha udongo kinachoning'inia kwa ukingo wake. Guatemala kinauzwa kwa jina la Ecofiltro, Nicaragua kimezoeleka kama Filtrón. Kwa maji ya kunywa ya watu watano sita, ni bora kuliko vingi vinavyopatikana huko, mradi wanaokitumia wajue kwamba chungu kinafanya nusu tu ya kazi.

Kilibuniwa mwaka 1981 na Fernando Mazariegos katika taasisi ya utafiti ya ICAITI, Guatemala. Baada ya kimbunga Mitch cha 1998, shirika la Potters for Peace, likiwa na mfinyanzi Ron Rivera, lilikieneza kutoka Nicaragua hadi nchi nyingi, na leo vyungu vya namna hii hutengenezwa hata Kenya na Tanzania. Udongo uliochekechwa huchanganywa na unga wa mbao, mchanganyiko hukandamizwa kwenye kalibu kwa jeki ya lori, kisha chungu huchomwa kwa nyuzi joto 860 hivi za Selsiasi. Unga wa mbao huungua na kuacha vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Mwisho hupakwa maji yenye chembe za madini ya fedha, ambayo huzuia bakteria.

Kiwanda makini hupima kila chungu, na kinachokubalika ni lita 1 hadi 2.5 kwa saa. Kinachopitisha zaidi ya hapo huvunjwa. Kwa hiyo ukiona chujio la jirani linatiririsha maji haraka, usilionee wivu; huenda lina ufa.

Mgeni hulalamikia kasi kabla ya jambo jingine lolote. Chungu huchukua lita 7 hivi, na kasi haibaki ile ile. Kikijaa, maji yana uzito wa kuyasukuma na yanapenya ukutani pande zote. Yakishuka, lita mbili za mwisho hujikokota. Dawa yake ni kuongeza maji mara kwa mara bila kungoja yaishe. Watu 6 wakinywa lita 2 kila mmoja ni lita 12 kwa siku: jaza kabla ya kulala, baada ya chai ya asubuhi, na tena mchana. Hapo itabaki akiba kidogo, ingawa siku ya sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, wageni wakimiminika, hayatatosha.

Maji ya chujio usiyapoteze kwenye mahindi ya tortilla, ile mikate bapa ya kila siku, kwani hayo huchemshwa na chokaa. Yapeleke kwenye frescos, vinywaji vya matunda visivyochemshwa, na kwenye kuoshea giligilani na nyanya zinazoliwa mbichi. Matumbo mengi ya wajitoleaji huharibikia hapo: maji ya kunywa yamechujwa, lakini juisi imekorogwa kwa maji ya pila, ile sinki kubwa ya saruji yenye tangi.

Chujio jipya lianze hivi. Nawa mikono kwa sabuni, osha ndoo na koki kwa sabuni, suuza. Chungu kisiguswe na sabuni kabisa, maana vitundu vyake huifyonza na utainywa kwa siku nyingi. Kijaze, acha maji yapite, mwaga. Rudia mara mbili tatu. Maji ya mwanzo yana ladha ya udongo kama ya mtungi mpya, na hupungua yenyewe. Ikiwa maji ya kijiji ni ya tope, hasa miezi ya mvua kuanzia Mei, yaache yatuame kwanza kwenye ndoo nyingine, kisha uyapitishe kwenye kitambaa safi. Ukiruka hatua hiyo, chungu kitaziba ndani ya siku chache.

Kasi ikishuka, sugua ndani ya chungu kwa brashi safi na maji yaliyochujwa, mwaga uchafu, rudisha. Hakuna jiki, hakuna maji ya moto. Unapokitoa, shika ukingo wa juu na ukiweke juu ya mfuniko uliooshwa. Ukikiweka sakafuni, kitako kitabeba uchafu na kuudondosha ndani ya ndoo, upande ambao hauchujwi tena.

Ndoo na koki ndizo zinazoangusha kifaa hiki. Maji yanatoka kwenye chungu yakiwa safi, halafu yanakaa kwenye plastiki ambayo pengine haijaoshwa tangu iliponunuliwa. Ndani ukikuta utelezi au rangi ya kijani, hiyo ni ndoo iliyowekwa juani au iliyosahauliwa. Ioshe kila wiki kwa sabuni au tone la jiki, uisuuze kwa maji yaliyochujwa. Koki nayo ifunguliwe, kwa sababu watoto huikinga kwa midomo na uchafu hujificha ndani yake. Unapoirudisha, weka raba mahali pake na ukaze nati kwa mkono tu. Spana hupasua plastiki. Ikidondosha maji, mara nyingi raba imekunjika. Nunua koki ya akiba mjini kabla ya kupanda kijijini.

Chujio likae juu ya meza imara, mbali na jiko la kuni na mapito ya kuku, juu kiasi cha jagi kuingia chini ya koki. Utafiti wa Kambodia uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba karibu asilimia 2 ya machujio ya aina hii yaliachwa kutumika kila mwezi, zaidi kwa sababu ya kuvunjika, na mengi huvunjika mikononi wakati wa kuosha. Ndani ya basi au pikapu kitoe chungu, kifunge kwenye blanketi, kipakate.

Bakteria na vimelea kinavikamata vizuri. Virusi ni vidogo kuliko vitundu, kwa hiyo palipo na mlipuko wa ugonjwa ongeza klorini kwenye maji yaliyokwisha kuchujwa, ukiitia ndani ya chombo kingine. Kemikali usizitegemee kuondoka: kisima cha El Zapote, katika bonde la Sébaco, Nicaragua, kiligundulika 1996 kuwa na aseniki, na chungu hakiondoi sumu hiyo. Sumu za kilimo ni vivyo hivyo.

Washindani wake? Galoni kubwa za maji yaliyosafishwa, garrafón, ni rahisi pale gari la kuuza linapofika; barabara ikikatika kwa mvua, hakuna maji. Kuchemsha kunaua kila kidudu lakini kunakula kuni, na kuni za milimani ni mzigo wa mgongoni. Machujio ya nyuzi ya kufunga kwenye ndoo, kama Sawyer, yana kasi zaidi na hayavunjiki ovyo, ila nyuzi zikigandishwa na baridi ya Desemba au Januari huko Totonicapán, kwenye milima ya magharibi ya Guatemala, huharibika bila dalili ya nje. Chungu hakina ugonjwa huo wa kufichika: kigonge kwa kifundo cha kidole, kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti butu. Ukiwa na shaka, kizamishe kitupu kwenye beseni la maji safi, ukingo ukibaki juu. Maji yakiingia kwa mchirizi mahali pamoja, kimekwisha.

Kabla ya kununua, uliza mambo mawili dukani: chungu peke yake kinauzwa? Na koki? Ecofiltro hushauri chungu kibadilishwe kila baada ya miaka miwili, ndoo ikibaki ile ile. Na kama chujio tayari liko kwa familia inayokupokea, muulize doña wa nyumba huliosha vipi kabla hujagusa brashi. Jiko ni lake.