Utepe wa butili (mpira unaonata wa kuzibia maji) kwenye gari la miaka 21: umeziba kweli, ila kwanza nilihangaika

Gari langu lilianza kunuka kabla sijaona tone hata moja. Ile harufu ya kitambaa cha kudekia kilichosahaulika ndooni. Kila asubuhi vioo vina ukungu kwa ndani, nafuta kwa kiganja huku nimeshachelewa kazini. Siku moja nikashika zulia la mbele upande wa abiria, nikakuta ni kavu. Nilipolikandamiza kwa ngumi, maji yakapanda katikati ya vidole. Kumbe chini ya zulia la gari kuna sponji nene, nalo linaweza kunywa lita kadhaa kimyakimya huku juu pakavu kabisa.

Kosa la kwanza lilikuwa langu mwenyewe. Nilinunua silikoni ya bomba, ile yenye harufu ya siki, nikaizungushia kioo cha mbele kama ninayepamba keki. Mvua iliyofuata, zulia likalowa vilevile. Baadaye ndipo nikajua kwamba hiyo harufu ya siki ni asidi, na penye bati tupu inachochea kutu. Isitoshe, pale silikoni ilipopita hakuna rangi wala gundi nyingine inayoshika mpaka uikwangue yote. Jioni nzima iliishia kwenye kucha zangu. Fundi mmoja alikuwa ameshanishauri nibadilishe kioo kizima. Nashukuru kwamba mwezi ule mfuko ulikuwa mtupu.

Baada ya hapo nikaacha kuziba nikaanza kutafuta. Kwanza maji yenyewe: yalikuwa meupe, hayana utelezi, hayana harufu tamu. Yangekuwa na rangi na utelezi, ningeshuku kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inayovuja kwenye hita, na huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Gari kulowa upande wa abiria siku za jua kali tu, bila mvua, nako mara nyingi ni bomba la kutolea maji ya kiyoyozi limeziba. Langu lililowa mvua iliponyesha, basi.

Nikamkalisha mpwa wangu ndani na tochi, milango imefungwa, mimi nje na mpira wa maji. Maji ya taratibu, si ya kupiga kwa nguvu, na unaanzia chini ukipanda juu kidogokidogo. Ukianzia kwenye paa, maji yanashuka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Kila sehemu niliipa kama dakika kumi. Hapo penye waipa, chini ya kioo, nilikuta majani yaliyooza yamejaa kwenye njia za maji. Nikayachokoa, maji yakashuka vizuri nyuma ya gurudumu. Ndani, kukavu. Nikamwagia kioo cha mbele, kile kilichonila jioni nzima: kukavu pia! Nikahamia kioo cha mlango. Hazikupita dakika tatu.

"Mjomba, yanaingia! Yanapita chini ya mlango, juu ya kizingiti!"

Hapa kuna jambo ambalo wengi hatulijui. Maji kuingia ndani ya mlango ni kawaida. Yanapenya pembeni mwa kioo, yanashuka, yanatokea kwenye vitundu vya chini. (Ukisikia maji yanacheza ndani ya mlango ukifunga breki, ujue vitundu vimeziba.) Kinachoyazuia yasiingie upande wako ni karatasi ya plastiki iliyobandikwa nyuma ya lile pambo la mlango. Yangu ilikuwa imebanduka chini kote. Aliyewahi kutengeneza mota ya kioo aliichana, akairudishia kwa selotepu, na selotepu hiyo ilikuwa inaning'inia kama utepe wa sherehe iliyokwisha.

Ndipo utepe wa butili ukaingia kazini. Ni kamba nyeusi laini, yangu ina upana wa milimita 8, imeviringishwa na karatasi isiyonata. Haikauki ikawa ngumu. Inabaki inanata miaka na miaka, na ndiyo sababu inafaa kwenye kitu ambacho siku moja utakifungua tena. Nikakwangua gundi ya zamani, nikapangusa bati kwa spiriti, nikalaza kamba, nikabandika plastiki na kuikandamiza kwa vifundo vya vidole. Ukingo wa chini nikauingiza ndani ya mlango kama ulivyokuwa awali, ili maji yarudi mlangoni yasije miguuni.

Mara ya kwanza kona moja ilibanduka kesho yake. Nilikuwa nimefanya kazi asubuhi yenye baridi, na butili ikipata baridi inakuwa kaidi. Nikaipasha kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka ikalegea, nikakandamiza upya. Haijaniangusha tena.

Buti lilikuwa na kesi yake. Kwenye shimo la tairi la akiba palikuwa na maji ya kuogea kuku. Lawama zote nilikuwa nimeutupia mpira wa mfuniko wa buti, lakini vipande vya tishu nilivyovibana pembeni mwake vilitoka vikavu. Nikanyunyiza poda ya watoto kwenye kuta za ndani, nikamwagia maji nje, na poda ikachora njia yenyewe: mstari mmoja ukitoka nyuma ya taa ya kushoto, ukifuata mshono wa bati hadi shimoni, karibu mita nzima kutoka pale nilipokuwa nakodolea macho. Gasketi ya taa, ule mpira wa kuzuia maji kati ya taa na bati, ilikuwa imekauka kama gamba la mti. Nikatoa taa, nikaizungushia butili, nikakaza nati kwa zamu, kidogokidogo, kwa sababu plastiki ya zamani ukiikaza kwa hasira inapasuka. Iliyofinyika nje nikaikata kwa kadi ya plastiki.

Nilijaribu pia ujanja wa sabuni: feni ya gari mwisho, ikivuta hewa ya nje, vioo vyote juu, kisha unapaka povu nje utafute mapovu. Kwenye taa yalitokea machache. Lakini magari mengi yana matundu ya kutolea hewa nyuma, yamefichwa na bampa, kwa hiyo hewa nyingi inakimbilia huko. Mpira wa maji na mtu mwenye tochi vilinisaidia zaidi.

Malalamiko yangu kuhusu butili: inachafua. Shati langu moja limekuwa la kazi za gereji milele. Ukidondosha kidogo pasipotakiwa, usisugue. Chukua bonge la butili hiyohiyo, gusagusa juu yake, litanyanyua mabaki. Na usiifikirie kwa kioo cha mbele kilichobandikwa. Kioo hicho ni sehemu ya uimara wa gari na kinahitaji gundi yake maalumu ya poliyurethani na mtu anayejua kuipaka.

Wala kuziba peke yake hakutoshi. Nililazimika kutoa kiti, kuinua zulia lote na kuliacha siku nne na feni, maana chini ya sponji kulikuwa na soketi za waya zilizokwisha kuota kutu ya kijani. Mvua kubwa tatu zimepita tangu hapo na ngumi yangu inatoka kavu.

Kwa kuziba naupa nyota tano. Kwa kuutunza, tatu. Kipande kilichobaki nilikiacha kwenye droo ya dashibodi wiki ya jua kali, kikalainika, kikatoka kwenye karatasi yake, na sasa kimeshikana na kitabu cha maelekezo ya gari kuanzia ukurasa wa kwanza.