Dawati la msaada wa kisheria, Mwanga, Kigoma

Mpwa wangu alipofariki akiwa mahabusu, wagombea wawili walifika msibani kwetu Ujiji. Mmoja alitoa bahasha ya rambirambi na kutuasa tuwe watulivu. Mwenzake alisimama juu ya gari, akalilaani jeshi la polisi kwa sauti iliyofika hadi barabarani, kisha akaomba kura. Hakuna hata mmoja aliyemwambia dada yangu kwamba Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, inataka kifo cha aina hiyo kichunguzwe mbele ya hakimu.

Hilo tuliambiwa katika dawati hili, ambalo halitozi hata senti. Msaidizi wa kisheria, binti mpole, alifungua daftari kubwa, akamwuliza dada tarehe na saa ya kukamatwa kwa marehemu, nani alimpelekea chakula na mara ya mwisho alimwona akiwa katika hali gani. Kila mara dada aliposhindwa kuendelea, binti huyo aliweka kalamu chini na kumsubiri. Kisha alituandikia barua ya kuomba uchunguzi pamoja na nakala ya taarifa ya daktari, akatusomea neno kwa neno kabla ya dada kutia dole gumba.

Kasoro ipo: msaidizi ni mmoja, na tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Hata hivyo, ningependa kila mgombea anayekuja kuzika aje kwanza hapa, akae kwenye benchi hilo na kusikiliza.