Mfuko funge au mfuko wazi kwa hisa za kampuni ndogo?

Mkazi wa Mombasa anayetaka hisa za kampuni ndogo za Uingereza ana njia mbili za kuwekeza kupitia mfuko, yaani fedha za watu wengi zinazosimamiwa na meneja. Mfuko wazi humrudishia anayejitoa fedha zake kwa thamani ya mali iliyomo. Lakini wawekezaji wengi wakijitoa kwa pamoja, meneja hulazimika kuuza hisa ambazo, kama samaki aliyelala, hazipati mnunuzi ila kwa bei ya kutupa. Mfuko funge, muundo uliopo London tangu 1868, una idadi maalumu ya hisa zake wenyewe: anayetoka humwuzia mwingine sokoni, na mali ya mfuko haiguswi. Kasoro yake ni kwamba bei sokoni yaweza kushuka chini ya thamani ya mali, na mfuko ukikopa, hasara huzidi. Kwa akiba ya miaka 10 ningechagua mfuko funge. Kwa karo ya Januari, singechagua wowote.