Ovadraivu na difu kwa V8 za Kimarekani za zamani: nini kinunuliwe kwanza

Chevelle, GTO, Camaro au Mustang ya V8 (injini ya silinda nane) ya mwishoni mwa miaka ya 1960 yenye difu ya 3.73, yaani propela inazunguka mara 3.73 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, huondoka kwa fujo. Ikifika kilomita 105 kwa saa, ikiwa na tairi za kipenyo cha sentimita 66, injini inazunguka takribani mara 3,140 kwa dakika, na saa mbili za kelele hizo barabara kuu zinachosha. Wengi hukimbilia kununua krauni na pinioni mpya, zile gia mbili za ndani ya difu. Nunua kwanza giaboksi ya ovadraivu, yaani yenye gia ya mwisho iliyo chini ya 1.00, inayopunguza mizunguko ya injini. Difu itachaguliwa kufuata namba za giaboksi.

Hesabu ni mbili. Zidisha gia ya kwanza kwa uwiano wa difu. Ukipata 10 hadi 11, gari la mtaani linaondoka vizuri. Chini ya 8 linakuwa zito. Ukivuka 12, gia ya kwanza inaisha kabla hujamaliza kuvuka makutano. Hesabu ya pili: kasi kwa kilomita kwa saa, mara difu, mara gia ya mwisho, mara 5.3, kisha gawanya kwa kipenyo cha tairi kwa mita. Jibu ni mizunguko ya injini kwa dakika. Injini yenye kamshafti (shafti inayofungua vali) ya kawaida inatulia kati ya 1,800 na 2,200. Yenye kamshafti kali usiishushe chini ya 2,200: itasukasuka, na petroli uliyotegemea kuokoa hutaiona. Haya ndiyo machaguo sita, yakihesabiwa kwa tairi zile zile za sentimita 66 na kasi ya kilomita 105.

1. TH200-4R na difu ya 3.73. Kwa gari la otomatiki la General Motors, hakuna inayoishinda kwa urahisi wa kufunga. Gia zake ni 2.74, 1.57, 1.00 na 0.67. Kuondoka unapata 10.2, na kwenye kilomita 105 injini inashuka hadi kama 2,100. Urefu wake unalingana na TH350 ya mkia mfupi, otomatiki ya zamani ya gia tatu ya General Motors, kwa hiyo propela haikatwi. Kinachosogezwa nyuma ni chuma kinachobeba giaboksi. Nyingi zina matundu ya bolti yanayokubali injini ya Chevrolet na pia ya Pontiac, Buick na Oldsmobile, jambo linalomfaa sana mwenye GTO. Ya kawaida haivumilii injini kubwa, hivyo tafuta iliyojengwa upya kwa klachi na pampu imara.

2. Tremec TKX na 3.73, kwa gia za mkono. Chukua ile yenye gia ya kwanza ya 2.87 na ya tano ya 0.68. Unapata 10.7 kuondoka na kama 2,140 barabarani. Toleo la 3.27 lina maana ukibaki na difu ya 3.08 au 3.31, ukiliunganisha na 3.73 unavuka 12. Umbo la TKX ni dogo kuliko TKO iliyotangulia, kwa hiyo mgongo wa sakafu unakatwa kidogo au haukatwi kabisa. Hapa wengi huharibu: hawapimi kama tundu la kengele ya klachi (kasha linalounganisha injini na giaboksi) liko katikati ya kranki, shafti kuu ya injini. Weka kipimo cha dayo, saa ya kupimia mikengeuko midogo. Likipotoka zaidi ya milimita 0.13, funga pini za kurekebisha. Ukipuuza, gia zitakuwa ngumu kuingia na beringi ya mbele itakufa mapema, halafu lawama apewe aliyekuuzia giaboksi.

3. TH700-R4 na 3.42. Inapatikana kirahisi, na gia ya kwanza ya 3.06 inaondosha hata gari zito. Tatizo ni shimo kati ya 3.06 na 1.63: injini inaangukia karibu nusu ya mizunguko yake. Kwa difu ya 3.42 unapata 10.5 na 2,020. Kwa 4.10 unapata 12.5, na hapo gia ya kwanza haina kazi. Ni ndefu kuliko TH350 kwa kama sentimita 7.5, hivyo propela itafupishwa.

Hii na 200-4R zote zina kebo inayotoka kabureta kwenda giaboksi, na si ya kubadilisha gia tu: ndiyo inayoamua presha ya oili ndani. Ikilegea, klachi zinaungua katika safari fupi. Kwa kabureta ya Holley au Edelbrock nunua mkono maalumu wa kurekebisha mvuto wa kebo, na usiwashe gari kwenda popote kabla hujapima presha kwa geji. Unganisha pia umeme wa kufunga konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi), na weka kipozeo cha oili.

4. 4L80E na 4.10. Ni kwa injini kubwa zenye nguvu nyingi. Gia yake ya kwanza ni 2.48, ya mwisho 0.75, utapata 10.2 na kama 2,590. Ni nzito, nene, na haifanyi kazi bila kompyuta yake.

5. Gear Vendors, kifaa cha ovadraivu cha kuongezea. Inafungwa nyuma ya giaboksi ya asili na kuongeza 0.78. Kwa 3.73 unashuka hadi 2,450 tu. Inamfaa asiyetaka kugusa giaboksi ambayo gari lilitoka nayo kiwandani, iwe Muncie ya gia za mkono au TH400 ya otomatiki.

6. Kubadilisha difu pekee hadi 3.08. Ndiyo rahisi kwa mfuko. Unabaki na 2,600 barabarani, lakini kwa TH350 kuondoka kunaporomoka hadi 7.8.

Kabla ya kulipia gia za difu, jua keisi uliyonayo, yaani kiunzi cha ndani kinachobeba krauni. Difu ya Chevrolet ya bolti 12 ina keisi tofauti kwa makundi ya namba: ya 2.73 haipokei 3.73 bila keisi mpya au gia nene maalumu. Difu ya Ford ya inchi 9 haina usumbufu huo. Fundi aache uchezi, yaani nafasi ndogo kati ya meno, wa milimita 0.15 hadi 0.25 kati ya krauni na pinioni. Kina cha pinioni kikikosewa, difu italia kama king'ora na hakuna oili itakayoinyamazisha. Endesha kilomita 25 taratibu, iache ipoe kabisa, usivute mzigo kwa kilomita 800 za mwanzo, kisha mwaga oili. Gia ya spidomita nayo ibadilishwe siku hiyo hiyo.