Rivyu: Intanshipu ukiwa mkiani mwa PhD, nimeitumia na haya ndiyo yaliyomo

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano, na naanza na nyota ili asiye na muda wa kusoma gazeti hili aondoke na kitu. Bidhaa yenyewe ni ile intanshipu ya kampuni, ya utafiti au ya data, miezi kama mitatu hivi, unayoichukua wakati PhD imebaki mkia, chapta zipo nusunusu, supavaiza kila mkikutana anauliza unasabmiti lini, halafu kwenye barua pepe yako kuna ofa inataka jibu ndani ya wiki. Wengi wanaoniuliza wana swali moja tu, je itanichelewesha kuhitimu? Inaweza kukuchelewesha, ila kiasi gani ndo kuna shughuli, maana inaweza ikawa sifuri na inaweza ikawa karibu mwaka, kwa intanshipu ileile kabisa.

Kwenye lebo imeandikwa wiki 12. Hizo ni wiki za kampuni. Kalenda inayokuhusu wewe ni ya chuo, na chuo hakihitimishi watu siku yoyote wakijisikia, kinahitimisha kwa mihula, kuna tarehe ya mwisho ya kupeleka tasnifu, nyuma yake kuna tarehe ya mwisho ya kudifendi, yaani kuitetea tasnifu mbele ya watahini, nyuma yake tena kuna zile wiki ambazo kamati au watahini lazima wawe na nakala mkononi, na katikati ya hayo yote kuna profesa mmoja ambaye siku zote anasafiri. Sasa angalia hesabu inavyokuwa. Mtu ambaye hata angekaa mezani usiku na mchana asingewahi dirisha la muhula huu, huyo akienda intanshipu halafu akawa anaandika kidogo jioni, anarudi na kuhitimu dirisha lilelile ambalo angehitimu bila kwenda. Hajapoteza kitu. Ila yule aliyebakiza wiki tatu tu kuwahi, akienda analipa muhula mzima, na ada ya usajili juu, na kama kuna mjumbe wa kamati anaenda likizo ya utafiti basi analipa miwili. Kwa hiyo usihesabu kuanzia leo kwenda mbele. Anza na tarehe ya mwisho ya kupeleka tasnifu, rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka leo, utaona mwenyewe kama hiyo miezi mitatu iko ndani ya nafasi au inakula nyama.

Gharama ya pili haipo kwenye lebo kabisa, nayo ni ya kurudi. Unarudi, unafungua chapta ya nne, unakuta sentensi imeishia katikati, skripti ina jina la "mwisho_mpya_2", na hukumbuki kwa nini ulitupa ile sampuli. Kila mtu niliyezungumza naye anasema hivyo hivyo, kuwasha tena kunachukua wiki, siyo siku, na inategemea sana uliacha nini. Aliyeacha uchambuzi umefungwa, majedwali yamekamilika na kilichobaki ni maneno, anarudi vizuri tu. Aliyeacha majaribio yanaendelea au data bado inakuja, aisee, huyo anarudi kuanza mradi upya. Mimi nilikuwa kundi la kwanza ndo maana rivyu hii ina nyota tatu na nusu, ningekuwa kundi la pili ningeipa mbili na msingenisoma na sura nzuri hivi.

Haya, unapata nini? Watu wanadhani ni hela, na kweli posho ya PhD ukiilinganisha na malipo ya intanshipu ya utafiti kwenye kampuni kubwa unaweza ukacheka, lakini hela siyo sababu ya kuichukua ukiwa mwishoni, kwa sababu kama shida ni hela tu basi kuhitimu mapema na kuanza kazi ya kudumu kunalipa zaidi, miezi mitatu ya mshahara kamili dhidi ya miezi mitatu ya intanshipu plasi miezi mingine ya posho, piga mwenyewe. Sababu ya kweli ni mbili. Ya kwanza ni ofa ya kurudi, yaani kampuni nyingi zinatumia intanshipu kama intavyu ndefu, ukifanya vizuri wanakupa kazi bila kukurudisha kwenye ule msururu wa intavyu tano, na soko likiwa baya hicho ni kitu kikubwa. Uliza mapema lakini, uliza kabla ya kusaini, kwamba je timu hii ina nafasi za kudumu mwaka huu au mnachukua mainteni tu? Wakijibu kwa kuzungukazunguka, jibu umeshapata. Kwangu walijibu moja kwa moja kwamba nafasi ipo na haina uhakika, na niliwaheshimu kwa hilo.

Ya pili ndo watu hawaiongelei, na kwangu mimi ndo yenye uzito kuliko zote. Ni uanafunzi wenyewe. Kampuni nyingi zinataka inteni awe amesajiliwa chuoni, nyingine zinataka kabisa awe na muhula mmoja wa kurudi kumalizia baada ya intanshipu, kwa hiyo siku unayohitimu huo mlango unafungwa na haufunguki. Miaka yote unaona uanafunzi ni mzigo, unataka uuvue, halafu unagundua kwamba ndo tiketi pekee inayokuruhusu kwenda kuonja kazi kwa miezi mitatu na kuondoka bila mtu kuuliza kwa nini umeacha kazi. Ukishapata PhD yako, ukiingia sehemu ukatoka baada ya miezi mitatu, hilo linaonekana kwenye CV. Ndo maana mtu ambaye hajui kama anataka kampuni au chuo, ambaye hajawahi kufanya kazi nje ya maabara, namwambia nenda hata kama unachelewa muhula. Na ambaye ana intanshipu mbili nyuma yake tayari namwambia kaa uandike, ya tatu haitakufundisha kitu ambacho hukijui.

Kwa wanaosoma nje kwa viza jambo hili ni zito zaidi, na hapa usimsikilize rafiki, nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Marekani kwa mfano, mwenye F-1, ile viza ya mwanafunzi, akifanya intanshipu kabla ya kuhitimu mara nyingi anatumia CPT, ruhusa ya kufanya kazi inayohusiana na masomo yako, na CPT ya muda kamili ikifika miezi 12 unapoteza haki ya OPT, ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako ambayo wengi huitumia wakishahitimu, kwa ngazi hiyo ya masomo, kwa hiyo walioshafanya za miaka ya nyuma wajumlishe kwanza. Halafu CPT lazima iwe sehemu ya mtaala, sasa wewe ambaye umemaliza kozi zote na umebakiza tasnifu, chuo kinaweza kukuuliza hii intanshipu inahusiana vipi na masomo yako, na wengine wanataka barua ya supavaiza. Ukihitimu kwanza ndo ukaenda, hapo unakula OPT yako, miezi 12, na kama fani yako ni ya sayansi na teknolojia inayokubalika unaweza kuongezewa 24, lakini katika ile ya kwanza ukikaa bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla umeharibu. Maombi ya OPT unaweza kuyapeleka kuanzia siku 90 kabla ya masomo kuisha mpaka siku 60 baada. Kwa hiyo ile tarehe ya kuhitimu unayoisogezasogeza kwa ajili ya intanshipu inasogeza na haya yote. Uingereza ni tofauti, viza ya baada ya masomo kwa mwenye PhD ni miaka 3, presha ni ndogo kidogo upande huo. Kanada ukishapata uthibitisho kwamba umemaliza una siku 180 za kuomba kibali cha kazi cha wahitimu. Sheria hizi zinabadilika, angalia mwenyewe siku unayoamua.

Kuna toleo la bidhaa hii ambalo ningelipa nyota tano bila kusita, nalo ni lile ambalo saa ya PhD inasimamishwa. UKRI, shirika la umma linalofadhili utafiti kule Uingereza, wana intanshipu za sera za miezi mitatu kwa wanafunzi wanaowafadhili, na ufadhili unaongezwa ili muda huo usile muda wa tasnifu. Kanada wana Mitacs Accelerate, programu ya kuwaunganisha wanafunzi watafiti na kampuni, vipande vya kuanzia miezi 4, na pale supavaiza wako yumo ndani tangu mwanzo kwa hiyo kazi ya kampuni inaweza ikaingia kwenye utafiti wako badala ya kushindana nao. Ukiwa na uwezo wa kupata ya namna hii, hizi za kawaida achana nazo.

Supavaiza sasa. Wengi wanaogopa kumwambia, wanamwambia wakishasaini, na hapo ndo ugomvi unapoanza, kwa sababu yeye naye ana ruzuku yenye tarehe ya kuisha na alikupangia wewe pepa moja, yaani makala ya utafiti, kabla haijaisha. Mpelekee ukurasa mmoja, chapta hii iko hapa, hii itakuwa kwako kabla sijaondoka, hii nitaandika nikirudi, difensi muhula fulani. Wangu alinyamaza kidogo, akauliza chapta ya tatu iko wapi, akakubali. Pia muulize wazi posho inakuwaje nikiwa kule, bima ya afya inakuwaje, nabaki nimesajiliwa au naahirisha masomo, maana kuahirisha kunasimamisha saa ya chuo lakini kunaweza kukata bima na maktaba na kwa mwenye viza kunaweza kuvunja kila kitu.

Kilichoondoa nyota yangu moja nzima ni mambo ya umiliki. Kampuni niliyokuwa, sitaitaja, mkataba ulisema kila nilichoandika na kubuni pale ni chao, sawa, hiyo ni kawaida kila mahali, lakini ruhusa ya kuchapisha ilipita mikono ya wanasheria mpaka nikawa nimesharudi chuoni na bado haijaja, na nilikuwa na sehemu niliyotaka kuiweka kwenye tasnifu. Ikabaki nje. Laptopu unarudisha, skripti zinabaki kule, huondoki na hata grafu moja. Kwa hiyo mtu akikuambia hii intanshipu itakuwa chapta yako ya tano, mwambie akuwekee kwenye maandishi kabla ya siku ya kwanza, la sivyo ihesabu kama haipo. Nusu nyota iliyobaki nimeikata kwa ajili ya zile jioni. Unaahidi utaandika jioni. Huandiki. Au unaandika paragrafu mbili Jumapili. Kuna watu wanaweza, nawaonea wivu, lakini panga kama vile huwezi.

Watakuambia mshika mbili moja humponyoka, na wanaosema hivyo mara nyingi ni waliohitimu zamani wakati kazi za uhadhiri zilikuwepo. Siwapingi sana. Anayelenga uhadhiri tu na ana pepa mbili ziko kwa wahakiki, hii siyo bidhaa yake, pepa zitamsaidia kuliko jina la kampuni. Na aliyeshapata ofa ya kazi ya kudumu mkononi, sielewi kwa nini bado anafikiria intanshipu, namaliza hapo.

Kitu kidogo ambacho kingenisaidia kukijua: siyo lazima iwe kipindi cha likizo ndefu. Timu nyingi za utafiti zinakubali inteni miezi mingine ya mwaka ukiomba, na ukiwa huna kozi wewe huna kinachokuzuia, unaweza kusabmiti nakala kwa kamati halafu ukaenda wakati wao wanasoma. Wanachukua wiki nyingi kusoma hata hivyo. Na ofa ya kudumu ikija mwishoni wakakuuliza unaweza kuanza lini, usitaje tarehe ya difensi, taja tarehe ambayo nakala iliyosahihishwa itakuwa imepokelewa chuoni, kwa sababu masahihisho baada ya difensi yanaweza kuwa ya siku mbili au ya miezi, hayo anaamua mtahini.