Santuri ya Head Hunters: uzoefu wangu baada ya kuachana na spika ya simu

Nyumbani kwetu neno jazz lilimaanisha Morogoro Jazz na Western Jazz: magitaa, rumba, watu wazima wakicheza. Jazz ya Wamarekani niliiona ni ya kukaa kitini. Albamu ya Head Hunters ya mpiga piano Mmarekani Herbie Hancock, iliyotoka 1973, ndiyo iliyonitoa huko. Kwa muda mrefu niliisikiliza kwenye simu, hadi majuzi niliponunua santuri yake iliyochapwa upya.

Tofauti ni kubwa kuliko nilivyotarajia. Wimbo wa "Chameleon" umejengwa juu ya besi, na spika ya simu huimeza besi yote. Kumbe ile besi ya mwanzo wala si gitaa! Hancock anaipiga mwenyewe kwa sinthesaiza (kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme) ya ARP Odyssey. Kwenye spika kubwa inakugonga kifuani, kisha Harvey Mason anaingia na dramu, na kwa dakika 15 na ushee huchoki. Njiani mdundo unageuka, Hancock anahamia kwenye piano ya umeme na kuanza kutafuta njia zake mwenyewe. Fanki, ule muziki wa Wamarekani weusi wa mdundo mzito, inakushika miguu, lakini mwanajazz bado yumo kazini. Hicho ndicho ninachokipenda zaidi kwenye santuri hii.

"Watermelon Man" alishaurekodi 1962, ukiwa jazz ya kawaida ya enzi zile. Hapa unafunguliwa na mpiga ngoma wa bendi, Bill Summers, akipuliza chupa ya bia, akiiga filimbi za Babenzele wa misitu ya Afrika ya Kati, wanaopokezana noti ya filimbi na noti ya koo. Mjomba wangu, mcheza dansi wa zamani, aliusikia akiwa barazani akaingia ndani kuuliza hiyo ni bendi ya wapi. Alikaa mpaka upande wa kwanza ukaisha.

Upande wa pili una "Sly", uliopewa jina la mwanamuziki wa fanki Sly Stone, wa kasi na mtamu. "Vein Melter" ni wa polepole mno, na bado sijauzoea.

Jalada la nakala yangu lilifika limepinda kona, ila santuri yenyewe haina mkwaruzo. Ukiinunua, tafuta kwanza spika zenye besi ya kweli. Kama huna, subiri kwanza, usiitumie hela yako.